Panya Wasiogusa Kitambaa Cheupe

Kwa miezi sita panya wa karakana yetu hawakugusa kitambaa cheupe hata uzi mmoja. Walikula bluu iliyoiva, walikula maruni, walikula kijani cha chupa. Cheupe walikipita kama hawakioni. Tena walikula alasiri tu, mvua ikishaanza kugonga mabati. Asubuhi walifunga.

Nayajua haya kwa sababu kazi yangu ni kuyajua. Naitwa Nyanchera, nina diploma ya ununuzi na ugavi, na mwaka jana niliajiriwa na karakana ya sare za shule pale Nyanchwa, chini ya kilima, nijue kitambaa kinaenda wapi. Mwenye karakana ni Istarlin. Aliirithi kwa baba yake, marehemu Gulled, aliyeanza na cherehani moja barazani mjini Kisii, yeye na fundi mmoja kijana kutoka Nyansiongo aliyeitwa Mokua. Gulled alishatangulia. Mokua yupo, si kijana tena, na bado ndiye anayekata.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kila jora la kitambaa lina namba. Likifunguliwa, namba na mita zake zinaingizwa kwenye tableti. Likishakatwa, mabaki yanatiwa guniani, gunia linapimwa, kilo zinaingizwa. Kuna mabaki ya haki, yale yanayobaki pembeni mwa pateni hata ukate vipi. Hayo programu inayajua na haiulizi. Yakizidi hapo inauliza sababu, na haikuachilii mpaka uchague moja.

Programu ilikuja na orodha ya sababu kwa Kiingereza, maneno marefu ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili. Wiki ya kwanza niliyafuta yote nikaweka yangu, kwa Kiswahili kinachoeleweka: Kitambaa kina dosari. Doa. Mkato umekosewa. Cherehani imekula. Na kwa kuwa wiki hiyo hiyo panya wa kweli, mmoja, alitoboa jora la maruni stoo, nikaongeza ya tano: Panya.

Niliipenda sana orodha ile. Nilidhani nimewapa watu maneno ya kusema ukweli.

Mwezi wa tisa, Jumanne moja, Istarlin aliniita ofisini kwake. Alikuwa amegeuza kompyuta inielekee. Kwenye kioo kulikuwa na ule mduara unaogawa mabaki kwa sababu, kila sababu na rangi yake. Mduara wetu ulikuwa na rangi moja, kijivu, kama sinia.

"Hebu nisomee," akasema.

"Panya, Madam."

"Kilo ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Abaayo," akaniita dada kwa Kisomali cha kwao, "hao ni panya ama ni ng'ombe wa Borabu?"

Aliendelea. Mwezi wa tatu mabaki yote yalikuwa sehemu nane kwa mia ya kitambaa. Sasa ni kumi na saba. Alikuwa amekubali kushonea shule tatu za upande wa Nyaramba kwa ajili ya kufungua Januari, na kitambaa alichonacho kingetosha kama mabaki yangerudi chini ya kumi. Yasiporudi, kuna watoto watakaofungua shule na nguo za nyumbani.

"Nimemwita mtu wa panya," akasema.

Mtu wa panya aliitwa Manasseh. Alikuja asubuhi hiyo hiyo na pampu mgongoni, glavu hadi kiwikoni, na harufu iliyomtangulia hatua kumi. Alihamisha majora, akapanda darini, akalala kifudifudi chini ya rafu. Saa kumi jioni alitoka amejaa vumbi na kusimama katikati ya karakana kama anayetaka kutoa ushuhuda kanisani.

"Madam, hapa hakuna panya. Hakuna kinyesi, hakuna tundu. Nimetega kwa omena tangu asubuhi, na hao omena bado wanatazamana."

"Na hiki ni nini?" Istarlin akamwonyesha kipande kutoka guniani, mguu wa kaptura ulioharibika.

Manasseh akakishika karibu na dirisha. Akakigeuza. "Huyu panya amesoma. Anafuata chaki."

Karakana nzima ikacheka. Watu wawili hawakucheka. Mmoja ni Bosibori, mama wa makamo anayetandaza kitambaa mezani na kuingiza kilo kwenye tableti. Wa pili ni Mzee Mokua mwenyewe. Hakucheka kwa sababu alikuwa akipapasa meza, akitafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Manasseh alipoondoka, Istarlin alifunga mlango wa ofisi tukabaki wawili.

"Kama si panya, ni mkato," akasema. "Na kama ni mkato, Jumatatu naagiza mashine ya kukatia na mtu wa kuiendesha. Mzee aende apumzike Nyansiongo." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Nilikua chini ya meza ile, Nyanchera. Nilikuwa nalala kwenye gunia la vipande, yeye anakata juu yangu. Unadhani nataka? Nitafutie jibu jingine kabla ya Jumatatu."

Jumatano nililala na kuamka na ile programu. Kilo pekee hazisemi kitu. Nilizipanga kwa rangi, ndipo nikaona kwamba nyeupe, ambayo huchorwa kwa chaki ya bluu nzito, ni safi. Nikazipanga kwa saa, nikaona asubuhi ni safi, na baada ya saa nane ni balaa, hasa siku za mvua. Kisha nikashuka stoo, nikafungua magunia yenye tarehe zake na kutandaza vipande sakafuni, mwezi baada ya mwezi. Chaki ilikuwa pale pale ilipotakiwa. Mkasi ndio ulioiacha. Mwezi wa tatu uliiacha kwa upana wa uzi. Mwezi wa sita, nusu kidole. Mwezi wa tisa, kidole kizima, na daima upande wa kulia.

Nilikaa kwenye gunia. Nikakumbuka Mzee anavyokataa tableti, "hicho kioo kinanipiga machoni." Nikakumbuka alivyosogeza meza mlangoni mwezi wa tano, kisha akalalamika jua linamchoma, akairudisha. Nikakumbuka anavyonijua kwa hatua zangu: "Huyo ni mwalimu wa Kiswahili anakuja, anatembea kama amechelewa mtihani." Mwaka mzima nilidhani ananitania tu.

Nilimkuta Bosibori nyuma, akiosha vikombe.

"Mama, hii Panya umeibonyeza mara mia mbili na kumi na nne."

"Si uliiweka wewe?"

"Niliiweka kwa ajili ya panya."

"Sasa nibonyeze gani? Mkato umekosewa? Halafu Madam aulize mkataji ni nani, nimwambie ni upepo?"

"Ungemwambia Mzee mwenyewe."

Bosibori aliacha kikombe majini. "Yule ni rika la baba yangu. Nimsimamie baba yangu nimwambie habari za mwili wake? Wewe unazijua chinsoni, ama diploma ilizifuta?"

Nazijua. Kwetu Gusii hakuna asiyezijua chinsoni, zile haya zinazomweka mtoto mbali na mzazi. Huuingii mwili wa mzazi kwa maneno. Humwambii amedhoofika, humwambii haoni. Na karibu watu wote wa karakana ile ni wa umri wa watoto wa Mokua. Nusu yao yeye ndiye aliyewafundisha kushika mkasi. Kwa hiyo wote walikuwa wameona, na wote walinyamaza. Bosibori alikuwa akipitisha chaki mara mbili ili mistari iwe minene. Mshonaji mmoja alikuwa akimsomea namba za pateni kwa sauti, akijifanya anaimba. Mwingine alikuwa akimmiminia chai nusu kikombe asijimwagie. Walimpenda kwa mikono. Kwa mdomo hawakuwa na ruhusa.

Mimi ninayo. Mama yangu ndiye rika la Bosibori. Kwa Mokua mimi ni mjukuu, na mjukuu kwetu humtania babu yake, hula kwenye sahani yake, humwambia meno yamemwishia bila kupigwa kofi.

Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye kona ya meza yake, mahali ambapo hakuna mwingine anayethubutu kukaa. Alikuwa ameniletea ndizi za kuiva kutoka kwake, zimefungwa ndani ya gazeti.

"Sokoro," nikamwita, maana ndivyo tunavyomwita babu, "leo nimevaa rangi gani?"

"Ya kunichelewesha kazi."

"Taja."

"Nitaje nguo za wasichana, mke wangu Nyakerario asikie? Shuka mezani."

"Sokoro, huoni."

Mkasi ulisimama. Nje pikipiki ilipiga honi, ikapita. Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi mboni zake zilivyofifia, kama dirisha la jikoni lililoshika mvuke.

"Naona," akasema. "Naona ya kutosha. Asubuhi naona vizuri. Hili jicho la kulia ndilo linaleta ukungu, na la kushoto linalifuata." Akapunguza sauti. "Wewe umeanza kazi jana. Miaka thelathini na minane nimesimama kwenye meza hii. Nikitolewa hapa nikakae nyumbani nikitazama chai ikimea, hata hiyo chai sitaiona. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi usiniandike kwenye kioo chako. Kila mtu anasoma kile kioo."

Alingoja niahidi. Nilimenya ndizi yake nikaila. Sikuahidi.

Ijumaa saa sita alifunga meza kama kawaida, akatandika kitambaa safi juu ya mkasi, akaenda kupanda gari la Nyansiongo awahi Sabato yake. Alipopotea kwenye kona niliwasha kompyuta.

Niliongeza sababu ya sita kwenye orodha. Niliandika neno moja: Macho.

Kisha nikafungua yale maingizo ya panya, moja moja. Programu hairuhusu ubadilishe la zamani kimya kimya. Kila ukibadilisha inakuuliza kama una hakika, na ukisema ndiyo inaandika jina lako na saa. Lile la panya wa kweli, lile jora la maruni nililoliingiza mwenyewe, nililiacha. Mengine yote niliyabadilisha. Mia mbili na kumi na nne. Kila moja: una hakika? Ndiyo. Nyanchera. Una hakika? Ndiyo. Nyanchera. Bosibori alikuja mara moja akasimama nyuma yangu. Alisoma, akasema "Yaya!", kwa ile hapana yetu inayotoka kifuani, akatoka. Kabla ya saa nane jengo zima lilikuwa limejua.

Nilichapisha kurasa mbili nikampelekea Istarlin.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mduara, kijivu ile ile, sasa na jina jipya. Aliutazama muda mrefu. Nikamwekea wa pili juu yake.

"Ule wa kwanza niliutengeneza kwa ajili ya huu," nikamwambia. "Mashati meupe, asubuhi, miezi sita yote. Angalia mabaki."

"Sehemu nne kwa mia."

"Ile karatasi ya mashine unayotaka kuagiza inaahidi ngapi?"

Akafungua droo, akaitoa. "Sita."

"Mzee anaishinda mashine, Madam, kila anapoona. Mkono wake haujazeeka hata kidogo. Usimwondoe mezani. Mtoe huo ukungu."

Nilitegemea aseme habari za daktari, au za kibali cha kubadilisha maingizo. Badala yake alikunja ile karatasi ya mashine mara nne, ikawa kama kiberiti.

"Baba, mwaka wake wa mwisho," akasema, "alikuwa anasubiri niseme kitu ndipo ageuke. Nikisema, anageuka, anatabasamu. Mimi nilidhani anaipenda sauti yangu." Akajipangusa puani na ncha ya shungi. "Hatukumuuliza. Nyumba nzima, hakuna aliyemuuliza."

Jumapili alikwenda Nyansiongo mwenyewe, na zile karatasi mbili. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa kwamba alimsomea Mzee mbele ya Nyakerario, na Mzee aliinuka akaenda kusimama kwenye zizi la ng'ombe kwa saa nzima, na kwamba Nyakerario alimfuata huko akamwambia kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba yeye naye amechoka kumwekea chumvi mkononi. Jumatatu walikuwa kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hasa la kulia. Ijumaa iliyofuata lilipasuliwa hilo la kulia. La kushoto lilipangiwa baada ya wiki nne.

Mashine haikuagizwa. Bosibori alishika mkasi kwa muda, taratibu, akinung'unika, na mabaki yakashuka.

Lakini mimi nilikuwa nimekiuka mwiko wao, na hawakunificha. Kwa wiki mbili kikombe changu kilibaki kimeinamishwa kwenye rafu. Wengine walimiminiwa chai. Bosibori aliniletea kilo za gunia kwa kuziandika kwenye kikaratasi, asinifungulie kinywa. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, kwa Ekegusii, polepole ili nisikose neno, kwamba siku hizi watu wanasomeshwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Niliumia. Nisiseme uongo, niliumia sana, maana yule mama ndiye aliyenionyesha mahali pa kupanga chumba nilipofika Nyanchwa, na ndiye aliyenikopesha godoro.

Ndipo ujumbe ukaja, kupitia kwake yeye yule. "Mzee amesema Jumapili uende kwake. Ukamwombe msamaha."

"Nitaenda," nikasema.

Nyumba ya Mokua iko juu ya shamba la chai, na asubuhi ile jua lilikuwa limelala juu ya majani yote. Nyakerario alinipokea kwa kunivuta mkono, akanikalisha, akaniwekea chai ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amevaa miwani nyeusi kubwa kama ya mwendesha boda boda. Aliivua. Jicho la kushoto lilikuwa bado na mvuke wake. La kulia lilikuwa jeusi, kali, jipya kabisa, nalo lilinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe una kovu kwenye nyusi," akasema.

"Nilianguka mtini nikiwa darasa la tatu."

"Na kumbe wewe si mrefu. Kwa ile sauti nilidhani naongea na mnazi."

Nyakerario akacheka huko jikoni. Mzee hakucheka. Aliingiza mkono chini ya mto wa kiti akatoa kipande cha kitambaa, bluu iliyoiva, mkono wa koti la shule. Nilikitambua. Istarlin alikuwa amekichukua kutoka kwenye gunia la mwezi wa tisa. Akakiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye chaki, kisha kwenye ukingo uliokatwa. Vilikuwa vimeachana kidole kizima.

"Nani alikata hiki?"

"Wewe."

"Mimi."

"Wewe, Sokoro. Alasiri ya tarehe kumi na mbili. Mvua ilikuwa kubwa."

Alikikunja magotini. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama kitu kitakachovaliwa. Nikaona midomo yake ikitikisika, nikataka kutazama kwingine, sikutazama.

"Miezi sita," akasema. "Na wale watoto wote walikuwa wanaona."

"Wote."

"Hata yule wa kuimba namba?"

"Huyo hajui kuimba kabisa, Sokoro. Tulikuwa tunateseka."

Hapo alicheka, kidogo, puani. Kisha akakumbuka alichoniitia, akanyoosha mgongo na kuvaa sauti ya mezani.

"Sasa sikiliza. Nilikwambia usiniandike. Umeniandika mara mia mbili na kumi na nne. Mwili wangu umesomwa na kila mwenye kidole. Binti wa Gulled amekuja hapa kunisomea macho yangu mbele ya mke wangu kama hukumu ya chifu. Jumatatu ya baada ya ijayo narudi kwenye meza yangu, na nikirudi nataka mambo mawili. Lile neno lako liwe limefutwa. Na hapa ulipo, kabla hujamaliza hiyo chai, uniombe msamaha."

"Neno halifutwi," nikasema. "Litabaki kwenye orodha. Utakuwa unaliangalia kila jioni likiwa na sifuri mbele yake, na ukiliona lina hata kilo moja, utakwenda kliniki kwa miguu yako."

"Na msamaha?"

Chai ilikuwa tamu, ya moto. Niliinywa yote, nikaweka kikombe chini, nikalitazama lile jicho jipya lililokuwa likinitazama.

"Siombi, Sokoro. Leo siombi, na ukiniita Jumapili ijayo sitaomba."